Swali la Fundi Viatu

Mimi ni fundi mitambo wa redio, na sipendi kuulizwa jambo moja mara mbili. Nasema mapema tusije tukalaumiana. Kazi yangu ni kukaa upande huu wa kioo, kuhakikisha sauti ya anayeongea upande ule inatoka safi, na kumwonyesha vidole dakika zake zikikaribia kwisha. Kwa miaka kumi na moja, kila Alhamisi saa nne asubuhi, aliyekaa upande ule alikuwa Profesa.

Profesa alifundisha uchumi chuo kikuu miaka thelathini na nne. Mimi ndiye niliyemleta redioni, na sioni haya kujisifia. Alikuja siku moja kuhojiwa kwenye habari, akiwa anatoka nikamkuta getini anamweleza mlinzi kwa nini sukari imepanda. Mlinzi alikuwa amesahau geti wazi, magari yanaingia na kutoka yatakavyo, yeye kashika kidevu tu anasikiliza. Nikasema huyu mzee simwachii aende zake. Ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha Uchumi Mezani, dakika ishirini: kumi za kueleza, kumi za simu.

Jamani, kazi na mtu yule ilikuwa kazi. Alikuwa hawezi kueleza kitu bila kukishika. Siku ya kueleza kodi alikuja na mkate mzima na kisu, akaukata vipande mbele ya maiki, hiki cha serikali, hiki cha mwenye nyumba, hiki chako. Wasikilizaji wakafurahi. Makombo nikayafagia mimi, huku namgombeza. Lakini nilimpenda, na nasema hivyo bila kuzunguka. Tangu astaafu chuo na mkewe afariki, kipindi kile ndicho kilichokuwa kinamtoa kitandani. Aliwahi kuniambia kwamba Ijumaa huanza kuandaa Alhamisi.

Basi, Alhamisi moja ikaingia simu ya sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Sauti ya chini, ya mtu aliyefikiria sana kabla ya kubonyeza namba.

"Profesa, mimi nashona viatu. Wiki iliyopita ulisema bei ikipanda, wateja wanapungua."

"Ndivyo, ndugu yangu. Mambo mengine yote yakibaki yalivyo."

"Sasa mimi nimepandisha. Soli, kisigino, mshono, vyote nimepandisha robo. Wateja wameongezeka karibu mara mbili. Nikawa najiuliza, nimekosea mimi au umekosea wewe?"

Nikaangua kicheko upande wangu. Profesa akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Redioni sekunde tano za kimya ni ndefu kuliko foleni ya hospitali. Nikampungia mikono yote miwili: sema kitu, mzee, sema chochote!

"Sijui," akasema.

Hivyo hivyo. Hewani.

"Sijui, ndugu yangu. Nipe wiki moja nije kukuona, nitakujibu Alhamisi ijayo."

Nilipofungua mlango wa studio nilidhani nitamkuta amenywea. Wapi! Macho yalikuwa yanang'aa, anatembea huku na huku kwenye kile chumba kidogo, anajigonga kwenye viti. "Umesikia?" ananiuliza. "Umesikia alichosema? Amepandisha, wameongezeka! Umewahi kuona kitu kama hicho?"

"Nilichosikia ni wewe kusema hujui mbele ya nchi nzima," nikamwambia.

"Si ndiyo utamu wenyewe!"

Utamu huo haukumfikia Bosi. Bosi ni meneja wa kituo, mtu wa kutafuna vifuniko vya kalamu, na siku hiyo alikuwa ametafuna hadi kalamu yenyewe, wino mdomoni. Alinisubiri kwenye korido Profesa akiwa ameshaondoka.

"Dada, mtu tunayemtangaza kama mjuzi anasema hajui. Sasa wa nini?"

"Si atajibu wiki ijayo?"

"Ajibu kweli. Mwenye duka la magodoro anazitaka dakika zile ishirini, na yeye analipia. Alhamisi Profesa asipokuwa na jibu la kueleweka, siku hiyo ndiyo ya mwisho. Na wewe ndiye utakayemwambia, maana ndiye uliyemleta."

Nilitamani kumrushia kitu. Nilikosa cha kurusha, kila kitu pale kimefungwa kwa skrubu. Jioni nilimpigia Profesa simu nikamwambia ukweli wote. "Basi itabidi tujue," akasema, na nilisikia sauti yake imepungua kidogo. Alikuwa ameogopa. Na mimi niliogopa kwa ajili yake.

Ijumaa asubuhi tukaenda. Banda la fundi viatu lilikuwa limebanwa kati ya duka la kudurufu karatasi na duka la dawa. Benchi moja la wateja, meza iliyojaa gundi na misumari, kile chuma chenye umbo la mguu cha kugongea, viatu vimening'inizwa kwa kamba zake, redio kwenye msumari, na kipande cha boksi kilichoandikwa bei kwa kalamu nzito ya wino. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole kupita kiasi, anaongea huku anatazama kiatu. Alipomwona Profesa alisimama, akafuta mkono kwenye aproni mara tatu kabla ya kuutoa.

Profesa akaanza uchunguzi. Je, fundi mwingine wa jirani amefunga? Nikatumwa mimi kwenda kuangalia. Yupo pale pale kwenye kona, anasinzia. Je, ni mvua, viatu vinaharibika sana? Huu ni mwezi wa pili hapajanyesha. Je, kuna ofisi mpya, shule mpya? Hakuna. Basi, akasema Profesa, labda watu wameona bei kubwa wakafikiri kazi ni bora zaidi. Tuwaulize.

Hapo ndipo alipoharibu. Hebu mfikirie: mzee wa tai, miwani, daftari mkononi, anakaa kwenye benchi katikati ya wateja na kuuliza kwa upole, "Samahani, wewe umevutiwa na ughali?" Mama mmoja aliyekuwa ameleta viatu vya wanawe wawili akamtazama, akalitazama daftari, akavikusanya viatu. Kijana mmoja akakumbuka ghafla kwamba anaitwa nyumbani. Baada ya robo saa benchi lilikuwa tupu.

"Wanadhani wewe ni mtu wa kodi," nikamwambia.

"Mimi? Mtu wa kodi?"

"Jitazame, Profesa."

Fundi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Lakini Profesa hakukata tamaa. Mtu wa vitabu ukimfungia mlango anapitia dirishani. Akaja na wazo jipya. Fundi arudishe bei ya zamani kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumatatu. Wateja wakiongezeka zaidi, tutajua kuna jambo lingine linalowaleta na bei haihusiki. Wakibaki vilevile, pia tutajua kitu.

"Na wakipungua?" akauliza fundi.

"Hawawezi kupungua. Unawapunguzia bei!"

Fundi akamwamini. Nani asiyemwamini mtu anayemsikia redioni kila wiki? Akaliondoa boksi la bei mpya, akalichomeka nyuma ya meza, na wateja wakawa wanatajiwa bei ya zamani kwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Jumamosi walikuja saba. Siku za karibuni alikuwa anapata kumi na tano. Jumatatu walikuja wanne, na mmoja alikuwa anaulizia njia ya posta.

Jumatatu jioni Profesa alikaa kwenye benchi lile akiwa ameshika tama. "Alipandisha, wakaja," anasema polepole. "Ameshusha, wamekimbia. Mstari wangu wa bei na wateja umesimama kichwa chini, miguu juu." Na mjue, bado alikuwa anaona inapendeza! Mimi nilikuwa namwangalia fundi. Alikuwa anapanga misumari iliyokwisha kupangwa.

"Mke wangu ananiuliza kazi imekwenda wapi," akasema bila kuinua uso. "Nimemwambia nafanya jaribio. Ameniuliza jaribio linaliwa na mboga gani."

Damu ikanipanda. "Profesa, elimu yako hii itawalaza watu njaa!" nikasema, kwa sauti niliyoitumia siku ya makombo. "Huyu ana watoto. Kesho arudishe bei yake, na tukubali tu kwamba hatujui!"

Profesa aliinuka akamwomba fundi radhi kwa mikono yote miwili. Tukatembea mpaka kituo cha basi. Pale akanigeukia, "Mimi Alhamisi sina cha kusema. Nikikaa nyumbani Alhamisi, nitakuwa nafanya nini?" Alikuwa anauliza kweli. Nikajifanya natafuta nauli.

Jumanne nilikwenda peke yangu kabla ya kuingia zamu, kuhakikisha mambo yamerudi kama zamani. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anafungua, anatoa vitu mezani kimoja kimoja. Nikakaa kwenye benchi nimsubiri anishonee mkanda wa mkoba. Ndipo nikamwona mama mmoja mtu mzima, gauni limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, mkoba kwapani. Alisimama upande wa duka la dawa. Akatazama ukuta wa banda. Akatazama mezani. Akaondoka. Baada ya dakika kumi akarudi, akatazama ukuta uleule, akaondoka tena. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia. Mimi kitu nisichokielewa kinaniwasha mwilini. Nikamfuata mbio.

"Mama, samahani. Unatafuta nini kwenye ukuta ule?"

Akashtuka kama nimemkamata na kitu cha watu. "Hapana, mwanangu, napita tu."

"Umepita mara tatu, mama."

Nilisikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Profesa, naye alikuwa ameshindwa kulala, ametoka kituo cha basi kuja kumwona fundi. Akasimama kando.

Mama yule akafungua mkoba kidogo tu, kiasi cha mimi kuona kisigino cha kiatu. "Lile boksi limekwenda wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"La bei? Limetolewa. Bei ilishuka, mama, mpaka jana ilikuwa rahisi kuliko ilivyoandikwa! Hukujua?"

"Ningejuaje bila kuuliza?"

"Si ungeuliza tu?"

Akatabasamu, lile tabasamu analopewa mtoto aliyejibu vibaya. "Mwanangu, nilifundisha darasa la tatu miaka ishirini na tisa. Nusu ya mtaa huu nimewafundisha kusoma. Nisimame pale, niulize bei, nitajiwe, nisiwe nayo, nigeuke niondoke, na kwenye benchi amekaa niliyekuwa namwambia anyooshe mkono kabla ya kuongea? Viatu hivi vimekaa kwenye mkoba tangu mwaka jana. Lile boksi lilipotundikwa nililisoma nikijifanya naenda dukani. Nikarudi nyumbani nikajipanga. Siku ya nne nikaja na pesa kamili kwenye kiganja, nikampa, hatukuongea hata neno moja. Hii jozi ya pili ndiyo nilikuwa nimeileta. Nafika, boksi hakuna. Jumamosi hakuna. Jana hakuna. Nikasema basi, kumerudi kulekule."

Nilimgeukia Profesa. Alikuwa amevua miwani na hakuwa akiifuta, ameishika tu.

"Mwalimu," akamwambia yule mama, na alilitamka neno hilo kama mwanafunzi, "nisamehe. Mimi ndiye niliyefanya liondolewe."

Tuliporudi bandani tukamuuliza fundi kwa nini aliandika lile boksi, maana siku zote bei alikuwa anaitaja kwa mdomo. Akaona haya hadi masikio. Alikuwa hawezi kumtazama mteja usoni na kumtajia bei mpya, akasema. Ulimi ulikuwa mzito. Mkewe akachoka kumngoja, akamwambia kama huwezi kusema, andika. Basi akaandika. Alikuwa hajui kwamba upande wa pili wa barabara wapo watu wenye aibu ileile, wanapita na viatu kwenye mifuko.

"Alibadilisha mambo mawili," Profesa akasema, anajipiga paji la uso. "Mawili! Na mimi nikaona moja tu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa na namba. Boksi likaondolewa mbele ya macho yangu na bado sikuliona." Boksi likarudi ukutani. Kiatu cha Mwalimu kikawa cha kwanza siku hiyo.

Alhamisi saa nne Profesa akaingia studio na kiatu kimoja mkononi. Bosi naye akaja kusimama nyuma yangu, mikono kifuani. Hajawahi kusimama pale hata siku moja. Nilijua amekuja kuona mazishi.

Profesa alieleza. Hakutaja jina la mtu wala mtaa. Alisema tu kuna mtu mzima mwenye heshima zake. Alieleza jinsi alivyowafukuza wateja kwa daftari lake, na nikamsikia Bosi nyuma yangu anapumua kicheko puani. Alieleza jaribio, na boksi, na viatu vilivyokaa mwaka mzima kwenye mkoba. Kisha akakiweka kiatu mezani, nikaisikia soli ikigusa mbao.

"Nimefundisha habari za bei maisha yangu yote," akasema. "Nimefundisha inavyopanda, inavyoshuka, nani anaipanga. Sikuwahi kujiuliza inamgharimu nini mtu kuuliza ni kiasi gani. Wapo watu ambao hilo peke yake linawashinda. Nilikuwa siwahesabu, kwa sababu mtu asiyeuliza haonekani. Ndugu yangu fundi, hukukosea. Nilikosea mimi. Sasa simu ziko wazi."

Simu hazikuwaka. Taa zote sita mbele yangu zilikuwa nyeusi tii. Ikapita nusu dakika. Bosi akakohoa. Profesa akanitazama kupitia kioo, na nikaona ile hofu ya Jumatatu imemrudia usoni.

Kumbe huwa tunapigiwa na watu walewale watano, ndiyo kwanza nikalifikiria hilo. Watano, miaka kumi na moja, na nchi nzima inasikiliza. Mimi, ninayegombeza watu wanaouliza mara mbili! Nilifungua maiki ya upande wangu, ambayo haijawahi kutumika hewani.

"Profesa, mimi ni fundi mitambo. Naomba kuuliza. Ukisema uchumi umekua kwa asilimia tano, hasa kinachokua ni nini? Kiko wapi? Maana mimi sijawahi kukiona."

Aliinama mbele, taratibu, kama mtu anayeogopa kumtisha ndege.

"Hilo ni swali zuri sana. Umekaa nalo kwa muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

Hakucheka. Akaanza kunieleza mimi, kwa jina la kazi yangu, kwa kiatu kile kile, kushonwa kwake na gundi yake na aliyeuza gundi, na nilielewa. Nasema kweli, nilielewa, na nilitaka kulia kwa hasira kwamba ilikuwa rahisi namna ile muda wote huo. Katikati ya maelezo nikasikia kidole kinanigusa begani. Bosi alikuwa ameinama sikioni mwangu, kifuniko cha kalamu mkononi, uso umemwiva.

"Muulize," akanong'ona, "wakisema mfumuko wa bei umeshuka, mbona bei zenyewe hazishuki? Usiseme ni mimi. Sema ni msikilizaji."

Nikamtazama.

"Profesa," nikasema kwenye maiki, "kuna msikilizaji anauliza." Nikauliza kama nilivyotumwa.

Profesa alifurahi, akakisogeza kiatu kando, akadai karatasi, akaanza kuchora mlima ambao hakuna msikilizaji angeuona. Gari linapanda mlima, akasema, likipunguza mwendo bado linapanda. Mshale wa saa ukapita dakika ishirini. Nikainua mkono kumwonyesha afunge. Bosi akaushika mkono wangu, akaushusha, akavuta kiti akakaa.

"Mwache amalize," akasema. "Hapo hapo ndipo nilipokuwa sielewi."